Moto wa Karakana Katika Vilima vya Kigali

Busanza iko upande wa mashariki wa Kigali, katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, jirani na uwanja wa ndege. Vilima vya jiji hili vimeinuka takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo wastani wa joto huwa nyuzi 20 hivi za Selsiasi mwaka mzima, ingawa ikweta haiko mbali. Usiku hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Fundi anayejenga hapo karakana ya nguzo na mabati hahitaji jiko la kumpasha joto mwilini. Hata hivyo moto wa karakana una historia ndefu sana katika nchi hii, nayo ni historia ya joto linalopelekwa kwenye kazi: chuma kiive, udongo ugeuke tofali, pombe ichemke. Maswali ya mafundi yalikuwa ni kuni au makaa, upepo utoke wapi, na moto huo ukae chini ya paa gani.

Moto wa nyumbani ulikuwa jambo jingine. Nyumba ya zamani ya Rwanda ilikuwa ya msonge, yenye nguzo na fito zilizosukwa, ikaezekwa nyasi. Ndani yake kulikuwa na mafiga matatu, na moshi ulijipenyeza polepole kupitia nyasi, ukazikausha na kuwafukuza wadudu. Ulikuwa moto mdogo wa kuni, wa kupikia na kuota wakati wa baridi ya usiku. Katika ikulu ya wafalme ulikuwako moto uliolindwa kuliko yote, Umuriro wa Gihanga, ulioitwa kwa jina la mfalme anayetajwa na mapokeo kuwa mwanzilishi wa dola. Ulichochewa usiku na mchana, kizazi hadi kizazi, mpaka zama za Yuhi V Musinga, aliyeondolewa madarakani na Wabelgiji mwaka 1931.

Hakuna mhunzi ambaye angeweza kufanya kazi yake kwa moto wa namna hiyo. Kuni zinazowaka wazi hazitoi joto la kutosha kutenga chuma na mawe yake. Kazi hiyo inahitaji nyuzi 1,200 hivi, na joto hilo hupatikana kwa makaa ya miti yanayopulizwa hewa bila kukoma. Makaa hayana budi kuandaliwa kwanza: miti ikatwe, ipangwe, ifukiwe kwa udongo, iungue taratibu bila hewa nyingi. Kabla jiwe la kwanza la chuma halijaingia tanurini, sehemu kubwa ya jasho ilikuwa imekwisha kumwagika msituni.

Tanuri za kale za Rwanda ni miongoni mwa zile zilizochunguzwa zaidi Afrika Mashariki na Kati. Jean Hiernaux na Emma Maquet walichimbua baadhi yake katika miaka ya 1950, kisha Francis Van Noten na Marie-Claude Van Grunderbeek wakaendeleza kazi hiyo kusini mwa Rwanda na nchini Burundi. Walikuta mashimo ardhini ambayo juu yake palikuwa pamejengwa mnara mfupi wa matofali ya udongo, mengine yamenakshiwa kwa vidole, pamoja na vyungu vya kale vya mtindo uitwao Urewe. Mafundi hao waliishi katika karne za kwanza za zama zetu, na huenda wengine waliwatangulia. Kitu kinachostahili kuheshimiwa hapa ni nakshi: matofali yale yalikuwa ya kuunguzwa na kuvunjwa baada ya kazi, lakini aliyeyafinyanga hakuyaacha bila pambo.

Njia ya kuingiza hewa ndiyo iliyozitofautisha tanuri za kanda hii. Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania walijenga tanuri ndefu iliyofikia mita tatu, wakaizungushia matundu ya hewa chini na kuiacha ijivute upepo yenyewe kama bomba la moshi. Haikuwa na mivukuto. Ilikula makaa mengi mno, lakini iliwaokoa watu wengi na kazi ya kupuliza kwa saa nyingi. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimejaa mavi ya chuma, nacho kilipelekwa kwenye tanuri ndogo ya mivukuto ili kisafishwe. Wafipa, basi, walikuwa na njia zote mbili, na kila moja waliipa kazi yake.

Wahaya, majirani wa Rwanda upande wa Kagera, walitumia mivukuto. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee waliokumbuka kazi hiyo waijenge upya tanuri na kuiwasha. Mwaka 1978 yeye na mhandisi Donald Avery walichapisha hoja kwamba mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri yaliipasha hewa joto kabla haijayafikia makaa, hivyo kwamba mafundi wa kale waliweza kupata joto kali sana na hata chuma chenye sifa za chuma cha pua. Wataalamu wengine walipinga, wakisema joto hilo linaweza kuelezwa bila dhana ya hewa iliyopashwa, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Jambo moja halikupingwa: wazee walitoa chuma kwa udongo, makaa na ngozi za mbuzi, mbele ya macho ya watafiti.

Baada ya kuyeyushwa, chuma kilihamia kwa mhunzi. Karakana yake ilikuwa kibanda cha nguzo chenye paa jepesi na pande zilizo wazi, kikiwa kando na nyumba za kulala. Uwazi huo ulikuwa na maana. Cheche zilihitaji nafasi ya kufa kabla hazijagusa nyasi kavu, na moshi wa makaa, ambao hauonekani wala haunuki sana, huua haraka mahali pasipopita hewa. Moto wenyewe ulikuwa shimo dogo tu ardhini. Msaidizi alikaa nyuma yake akiinua na kushusha vijiti vya mivukuto miwili ya mti iliyofunikwa ngozi, mmoja ukipuliza wakati mwingine unavuta, na hewa ikapita katika mdomo wa udongo hadi kwenye makaa. Moto huo huwaka pale tu fundi anapouhitaji. Akiacha kupuliza, makaa yanalala na kubaki kwa ajili ya kesho. Kwa karakana iliyo wazi ni vigumu kubuni jiko lenye akili zaidi ya hilo.

Heshima ya kazi hiyo ilifika kaburini. Wachimbuzi walipolifukua kaburi la mfalme Cyirima Rujugira, walikuta vitu vikubwa vya chuma vya mhunzi vimewekwa chini ya kichwa chake. Nyundo zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme, na kwa watu wa kawaida jembe la chuma lilikuwa sehemu ya mahari. Majembe ya Ulaya yalipoingia kwa wingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, tanuri za kuyeyushia zilizimika, lakini wahunzi hawakuzimika nazo. Waligeukia vyuma chakavu, hasa springi za magari, vilivyohitaji joto dogo zaidi na makaa machache.

Moto mwingine ulikuja na wamisionari. White Fathers walifika Save mwaka 1900 na Kabgayi mwaka 1906, na Mjerumani Richard Kandt akaanzisha Kigali mwaka 1907. Majengo yao yaliweka matofali ya kuchoma mahali pa fito na nyasi. Tanuri ya matofali hujengwa kwa matofali yenyewe: yanapangwa kwa maelfu, yanaachiwa vichochoro chini, kuni zinaingizwa humo na kuwaka kwa siku kadhaa hadi udongo ukaribie nyuzi 900. Kuni zake ni nyingi kuliko mhunzi yeyote angeweza kutumia. Wakoloni walipanda mikaratusi, na shamba la miti la Ruhande, huko Butare, lililoanzishwa katika miaka ya 1930, likawa mahali pa kujaribia miti ya kigeni. Mkaratusi ukawa kuni, mkaa, nguzo na boriti. Mti huohuo ulilisha moto na kubeba paa lililoufunika.

Huko Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, kulifanywa uamuzi wa ajabu zaidi. Wanasayansi wa Kibelgiji walikuwa wamegundua tangu miaka ya 1930 kwamba maji ya kina ya ziwa yamebeba gesi ya methani. Mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona ulianza kuivuta gesi hiyo na kuipeleka kwenye matangi ya kuchemshia ya kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa mwaka 1957. Kwa miongo kadhaa bia ya Rwanda ilichemshwa kwa moto uliotoka chini ya ziwa, bila kukata mti. Inasikitisha kwamba mfano huo ulibaki peke yake kwa muda mrefu hivyo. Mtambo mkubwa wa KivuWatt, wenye megawati 26 hivi, ulizinduliwa mwaka 2016 tu, nao unazalisha umeme.

Umeme ndio uliobadilisha karakana za mijini. Bwawa la Ntaruka lilianza kuzalisha mwaka 1959, na baadaye mashine ya kuchomelea ikachukua nafasi ya shimo la makaa kwa kazi nyingi za milango, madirisha na mageti. Joto lake huzidi sana lile la mivukuto, lakini hukaa kwenye ncha ya fimbo tu, na huisha swichi inapozimwa. Mkaa ulibaki jikoni. Jiko la udongo na bati lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 liliigwa Kigali kabla ya muongo huo kwisha, likapunguza mkaa uliochomwa na familia za mjini. Watengeneza matofali nao walisaidiwa, kuanzia muongo wa 2010, kuchanganya maganda ya kahawa, pumba za mpunga na unga wa mbao badala ya kuni tupu.

Idadi ya watu wa Kigali ilipanda kutoka milioni 1.13 mwaka 2012 hadi milioni 1.75 mwaka 2022, na mafundi wakakusanywa katika vituo viitwavyo Agakiriro. Kile cha Gisozi kimeungua zaidi ya mara moja: mbao, magodoro, rangi na mashine za kuchomelea ziliwekwa chini ya mapaa yanayogusana, kinyume na kibanda cha mhunzi kilichotengwa. Busanza yenyewe ilipokea familia zilizohamishwa kutoka mitaa ya Kangondo na Kibiraro, zikawekwa katika majengo ya ghorofa yasiyo na ua wa kila familia. Fundi aliyehamia huko hawezi kufukia makaa wala kuwasha shimo la kufulia chuma mlangoni. Akitaka karakana, hutafuta kiwanja nje ya majengo, nguzo, mabati, na pande zilizo wazi. Humo mashine ya umeme au mtungi wa gesi hufanya kazi ya makaa, na hewa inayopita huru hufanya kazi ileile iliyoifanya kwa wahunzi.