Bonnie and Clyde (filamu ya 1967)

Bonnie and Clyde ni filamu ya Marekani iliyoongozwa na Arthur Penn, waigizaji wakuu wakiwa Warren Beatty na Faye Dunaway. Inawahusu Clyde Barrow na Bonnie Parker, majambazi wa Texas waliouawa kwa risasi huko Louisiana tarehe 23 Mei 1934. Maelfu walifurika kwenye mazishi yao mjini Dallas, kwa hiyo mvuto wao ulikuwepo kabla ya filamu. Filamu iliugeuza kuwa huruma.

Wahusika wake ni vijana wazuri, wacheshi, wanaopendana. Adui yao ni benki zinazowanyang'anya wakulima mashamba wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi. Kamera husafiri nao ndani ya gari, na kifo chao huoneshwa polepole, mtazamaji akiumia pamoja nao. Ukweli ni mchungu zaidi: genge la Barrow lilipora maduka madogo na vituo vya mafuta mara nyingi kuliko benki, na linahusishwa na vifo vya watu wapatao 13, wengi wao askari polisi. Wajane na yatima wa watu hao hawana nafasi katika hadithi, na hapo ndipo filamu hii nzuri inapokosea haki.

Frank Hamer, aliyeongoza msako, anaoneshwa akitekwa na kudhalilishwa, ilhali hakuwahi kukutana na wawili hao kabla ya siku ya kuwavizia. Mjane wake alifungua kesi, nayo ikamalizwa kwa fidia nje ya mahakama mwaka 1971.