988,808

988,808 (laki tisa themanini na nane elfu, mia nane na nane) ni nambari nzima inayofuata 988,807. Nchini Kenya ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa katika kaunti ndogo ya Embakasi, mashariki mwa Nairobi, kwenye sensa ya usiku wa kuamkia Agosti 25, 2019. Humo mna mitaa kama Pipeline, Tassia na Mukuru kwa Njenga. Kati ya kaunti ndogo 11 za Nairobi, hakuna iliyoikaribia. Kasarani, ya pili, ilipata 780,656.

Ni nambari shufwa. Tarakimu zake tatu za mwisho, 808, zinagawanyika kwa 8, basi nayo nzima inagawanyika: 2 × 2 × 2 × 123,601. Hiyo 123,601 ni tasa, na kulithibitisha hilo kwa kalamu na karatasi ni kazi ya jioni nzima, maana lazima ujaribu kila nambari tasa hadi 349. Vigawanyo vyote ni vinane. Ukijumlisha vile vilivyo vidogo kuliko yenyewe unapata 865,222, kwa hivyo huwekwa katika kundi la nambari pungufu. Haigawanyiki kwa 3 wala kwa 7. Wakazi wa Embakasi wakipakiwa kwenye matatu za abiria 14, zitajaa 70,629 na watu wawili wataachwa stejini.

Sifa yake nzuri kuliko zote imo katika miraba. 988,808 ni 742² + 662², yaani 550,564 na 438,244, na hakuna jozi nyingine inayofanya hivyo. Siri iko kwenye ile 123,601. Pierre de Fermat alidai katika karne ya 17, na Leonhard Euler akathibitisha katika karne ya 18, kwamba kila nambari tasa inayobakisha 1 ikigawanywa kwa 4 ni jumla ya miraba miwili. Hii ni 351² + 20².

Uzuri huu haustahimili hata mtu mmoja. Mtoto aliyezaliwa Pipeline dakika chache baada ya saa sita usiku huo hakuhesabiwa. Angewahi kidogo, tungekuwa na 988,809: nambari witiri, inayogawanyika kwa 3, na isiyoweza kabisa kuandikwa kama jumla ya miraba miwili. Mtakwimu hatajali, kwake mtu mmoja kati ya karibu milioni si kitu, na sensa yenyewe haidai usahihi wa kiasi hicho. Mwanahisabati atakuwa ameshika nambari nyingine kabisa.

Idadi ya Embakasi iligawanywa hivi: wanaume 492,476, wanawake 496,268, na huntha 64, kundi ambalo sensa ya Kenya ilikuwa inalihesabu kwa mara ya kwanza. 64 ni mraba wa 8, na pia ni 4 × 4 × 4.