Jina Ukutani: Sanaa ya Umma na Wanawake wa Kanda ya Ziwa

Mwanamke wa kwenye sanaa zetu za hadharani ana kazi nyingi, jina hana. Kabeba mtoto mgongoni, kajitwika mtungi, kashika jembe. Sanaa ya namna hii, hata ikiwa ya ustadi mkubwa, inasifu uvumilivu tu. Mafanikio yana mwenyewe, na mwenyewe hutajwa.

Kuna mahali ambapo kukosa jina kunafaa. Kumbukumbu ya watumwa pale Mkunazini, Unguja, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, inaonyesha watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Majina yao yaliporwa na biashara ile; msanii angewabunia mengine angesema uongo. Lakini Gertrude Mongella, aliyeongoza maandalizi ya mkutano wa dunia wa wanawake, hayumo katika kundi hilo.

Mwanza haioni taabu kutaja watu. Mnara wa saa mjini unamkumbuka John Speke, mpelelezi Mwingereza aliyeliona Ziwa Victoria Agosti 1858, kana kwamba Wakerewe walikuwa wakivua wamefumba macho. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina jina la John Magufuli. Mwanamke wa kutajwa hivyo yupo: Mongella alizaliwa Ukerewe mwaka 1945. Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake huko Beijing, ambako nchi 189 zilipitisha azimio na mpango kazi wenye maeneo 12 ya kushughulikiwa. Mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Napendekeza sanaa ya kumtaja kwa jina ianzie Buhongwa, jijini Mwanza. Anayeingia jijini kutoka Shinyanga, au kutoka Geita kupitia darajani na Usagara, kwa kawaida hupita hapo. Tena isiwe sanamu juu ya nguzo, ya kutazamwa na dereva kwa sekunde mbili. Uwe ukuta wa vigae kando ya kituo cha daladala, wa kimo cha kifua, ambao mama anayesubiri gari na beseni lake la dagaa anaweza kuugusa: Mongella mezani, makabrasha mbele yake, maelezo kwa Kiswahili, Kisukuma na Kikerewe.

Pingamizi la kwanza nalijua: wauza mboga wanahitaji vyoo na vizimba. Kweli, na wapewe. Hata kwa mitaji, sheria imekwisha kuitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 4 kati yake kwa wanawake. Lakini hapo mwanamke anatambuliwa kama mkopaji, na deni halijawahi kuwa heshima.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: Usukumani mtu huenziwa kwa ngoma, si kwa saruji. Sawa, ila tuangalie manju, yaani watunzi na waimbaji wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, wanafanyaje. Wanamtaja mtu kwa jina, wanasema alilotenda, na hadhira inabisha au inakubali. Ukuta ninaoutaka ufuate desturi hiyohiyo.

Ndiyo maana uachwe mrefu kupita mahitaji ya Mongella, na mkutano wa hadhara wa kata useme nani afuate. Mimi ningewataja wanawake wa Mwanza walioibeba TANU katika Jimbo la Ziwa, ambako wakoloni waliizuia hadi 1958. Masimulizi ya baadhi yao yamo katika kitabu cha Susan Geiger cha mwaka 1997.