Boriti ya Kukalia

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tukitaka kuiona bahari inabidi tupande gari mpaka Lindi. Basi nilipowaambia jamaa pale kijiweni kwamba naandika habari za nyambizi iliyoundwa na mtoto wa mkulima, wakauliza kama nimeishiwa hadithi. Wapi! Hebu sikiliza, ndugu msomaji.

David Bushnell alizaliwa 1740 huko Saybrook, Connecticut. Alilima mpaka ujana ukamwisha, ndipo akaingia chuo cha Yale akiwa na miaka thelathini na ushei. Vita vya Wamarekani dhidi ya Mwingereza vilipoanza 1775, yeye na mdogo wake Ezra walikuwa wakiunda chombo cha mbao cha mtu mmoja, cha kwenda chini ya maji. Kikaitwa Turtle, yaani Kasa.

Kuzama si kazi. Hata jiwe linazama. Kazi ni kutopondwa. Ukishuka mita 10, maji yanaongeza mzigo wa tani 10 kwa kila mita moja ya mraba. Piga picha magunia 100 ya ufuta, ya kilo 100 kila moja, yamepangwa juu ya mlango wako. Na maji hayakandamizi juu tu, yanabana pande zote.

Bushnell hakukimbilia kuongeza unene. (Mpango wa Karanga wa Waingereza, uliofyeka mapori ya Nachingwea pia, ulikuwa na matrekta yaliyotokana na vifaru vya Sherman. Chuma kile kizito hakikuuokoa, ulivunjwa 1951.) Yeye alikipa chombo umbo la mviringo kama yai, mbao zikabana na mikanda ya chuma, zikatiwa kalafati na lami. Halafu akatazama mahali ambapo ubavu ungebonyea kwanza, akakingamisha boriti ndani, toka upande mmoja hadi wa pili. Na kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, boriti hiyohiyo ikawa kiti cha dereva! Mwenyewe alimweleza Thomas Jefferson jambo hilo kwa barua mwaka 1787.

Vitabu vingi husimulia bomu. Mimi hiyo boriti ndiyo inayoninyima usingizi, maana ndani mle alikuwemo mtu, na hewa yake ilitosha kama nusu saa tu.

Ezra aliugua, akachukua nafasi yake sajini Ezra Lee. Usiku wa Septemba 1776, bandarini New York, Lee alijiingiza chini ya manowari Eagle ya Waingereza. Parafujo ya kufungia bomu ikagoma kushika. Akajaribu tena, wapi. Kulipokaribia kupambazuka akageuza, adui wakamfuata kwa mashua, akaliachia bomu likalipukia mtoni bila kumdhuru mtu. Manowari ikabaki salama. Lee naye akarudi kwa wenzake mzima, amekaa juu ya boriti yake.