Uzio wa mabwawa ya kuogelea majumbani: kanuni za Afrika Kusini

Mfanyabiashara anayenunua paneli za uzio na mageti ya bwawa la kuogelea Afrika Kusini na kuyasafirisha hadi Lubumbashi au Dar es Salaam hubeba bidhaa zilizotengenezwa kwa kufuata kanuni za nchi ile. Asipozifahamu, anaweza kulipia usafiri wa mzigo usiomlinda mtoto wa mteja wake.

Msingi ni Sheria namba 103 ya mwaka 1977 kuhusu kanuni na viwango vya majengo. Bwawa la nyumba binafsi huhesabiwa kuwa kazi ndogo ya ujenzi. Ofisa wa majengo wa manispaa anaweza kumsamehe mwenye nyumba asiwasilishe ramani kamili, lakini idhini yake lazima ipatikane kabla ya kuchimba. Manispaa pia huweza kuwa na sheria ndogo zake.

Sehemu D ya kanuni ndiyo inayogusa mzigo. Mwenye kiwanja chenye bwawa lazima adhibiti njia ya kulifikia, na asipofanya hivyo ametenda kosa. Kiwango cha SANS 10400-D kinafafanua: ukuta au uzio, pamoja na geti lake, usipungue urefu wa mita 1.2 kutoka ardhini, wala usiwe na uwazi wa kupitisha mpira wenye kipenyo cha milimita 100. Geti lijirudishe na kujibana lenyewe, na liwe na mahali pa kutia kufuli.

Hapa ndipo ni rahisi kukosea oda. Uzio wa roshani nao hupimwa kwa mpira wa milimita 100, ila urefu wake wa chini ni mita 1. Zikishapangwa kwenye lori, paneli hizo mbili hazitofautiani sana kwa macho. Tofauti ni sentimita 20, na ya roshani haifai bwawani. Geti nalo likifika bila bawaba zake za springi na komeo lake, ni geti la bustani tu. Vitu hivyo viandikwe kwenye ankara, kila kimoja mstari wake.

Hata hivyo kanuni hiyo ina pengo kubwa. Inamzuia anayetoka barabarani, mahali pa umma au kiwanja cha jirani, huku nyumba yenyewe ikiruhusiwa kuwa sehemu ya uzio. Mtoto wa nyumba hiyo akitoka kwa mlango wa jikoni anaweza kufika majini bila kukutana na geti lolote. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 3 Januari 2003, ilimtaka mwenye bwawa lililochimbwa ardhini achague uzio, king'ora, kifuniko au banda la kulifunika, na faini yake hufikia euro 45,000. Kwa jakuzi, kifuniko kigumu chenye kufuli ndicho kinga rahisi zaidi.

Nchini Tanzania kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na karatasi ya SANS haichukui nafasi yake. Kabla ya kuagiza, mteja aulizwe kama uzio utazunguka bwawa pande zote nne au tatu tu, nyumba ikiwa ya nne. Jibu lake hubadilisha idadi ya paneli, na mara nyingi huongeza geti moja.