Haki Yako Ikiitwa Favour

Mwaka jana nilimpigia simu mhariri mmoja kuulizia malipo ya makala niliyomwandikia miezi minne nyuma. Hakukasirika. Alicheka kidogo, akasema, "Lakini bro, si sisi ndio tulikufanyia favour? Sasa jina lako linajulikana." Nikajipata nimesema asante. Baada ya kukata simu nilikaa kitandani nikijiuliza nimeshukuru nini hasa. Nilipiga simu nikidai, nikaikata nikidaiwa.

Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilishinda, kwa hivyo sina mwalimu wa kuulizwa maswali ya aina hii. Nina kamusi na bando za usiku. Nikaanza kufuata hili neno "favour" limetoka wapi. Kumbe yule mhariri alilitumia vile limezoea kutumika kwa karne nyingi.

Asili yake ni Kilatini, favor, yaani kumpendelea mtu, kuwa upande wake. Wafaransa wakalirithi. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na ya mabwana wenye mashamba, na kufikia karibu mwaka 1300 "favour" ilikuwa imeingia Kiingereza. Halikuletwa na wavuvi au wakulima. Lilishuka kutoka juu. Kupata "favour" ya mfalme kulimaanisha amekutazama kwa jicho zuri, na kuipoteza kungeweza kukugharimu shamba au hata kichwa. Baadaye neno hilo likamaanisha hata uso wenyewe. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, wale ng'ombe waliokonda wa ndoto ya Farao wanaitwa "ill favoured", yaani wenye sura mbaya.

Halafu kuna "curry favour", kujipendekeza kwa mkubwa. Nilipoisikia shuleni nilidhani ni mambo ya mchuzi, mtu anampikia bosi. La. Curry ya mchuzi ni neno la Kitamil. Hii nyingine ni kitenzi cha Kifaransa cha zamani, kumsugua farasi kwa brashi hadi manyoya yang'ae. Na farasi mwenyewe alikuwa na jina.

Kati ya mwaka 1310 na 1314, karani mmoja wa mfalme wa Ufaransa, Gervais du Bus, aliandika shairi refu la kejeli, Roman de Fauvel. Fauvel ni farasi aliyechoka kukaa zizini akahamia nyumba ya bwana. Badala ya kumrudisha, wakubwa wa serikali na wa kanisa wanakuja kumsugua, kila mmoja akitaka aonekane yuko karibu naye. Herufi za jina lake zinasimamia maovu sita: kujipendekeza, uchoyo, ubaya, ukigeugeu, wivu na woga. Waingereza nao wakawa wanasema "curry favel" kuhusu mtu wa kubembeleza wakubwa. Miaka ikapita, farasi akasahaulika, na kufikia karne ya 16 "favel" ikawa "favour". Walisikia vibaya, lakini hawakukosea sana.

Si kila msemo wa Kiingereza ulitoka ikulu. "Good turn" ni tendo jema kati ya watu wa kawaida. Methali yake, kwamba tendo jema linadai lingine, imo kwenye mkusanyiko wa methali wa John Heywood wa mwaka 1546. Hapo angalau wawili wako sawa, leo mimi, kesho wewe. Ila badilisha neno moja tu na "good turn" inakuwa "ill turn", umeumizwa. Uingereza pia walikuwa na "do for". Mama anayekuja kukufulia na kukupikia "does for you". Jambazi anayeapa kukumaliza, naye anasema "I'll do for you". Maneno ni yale yale. Lazima umjue anayesema ni nani na ameshika nini mkononi.

Hapa kwetu mkononi alishika kalamu. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba kipande, ndani kuna alama za vidole, kazi alizofanya na mshahara wake. Wengi walikivaa shingoni kwenye kikopo cha chuma. Ukitaka kuacha kazi, sharti mwajiri atie sahihi kwamba amekuachilia. Bila sahihi hiyo hungeweza kuajiriwa kwingine kihalali, na ukiondoka tu, umevunja sheria. Umefanya kazi, umemaliza, na bado unasimama mlangoni kofia mkononi ukingoja mtu awe na siku nzuri. Kilichokuwa haki yako kimekuwa hisani yake.

Kiswahili nacho kinajua michezo hii. Tuna fadhila na hisani, yote kutoka Kiarabu, na tuna kitenzi kikali, kusimanga, kumkumbusha mtu wema uliomtendea mpaka ajute kuupokea. Wahenga walijaribu kutukinga wakasema tenda wema nenda zako. Walionya pia kwamba fadhila za punda ni mateke, ila methali hiyo mara nyingi hutumiwa na aliyetoa kumlaumu aliyepokea. Sijaisikia ikitumiwa na punda, ambaye alibeba mzigo siku nzima.

Tangu nianze kusoma haya, nasikiliza watu kwenye matatu. Umetoa mia mbili, nauli ni themanini, na bado unamwambia konda kwa upole, "Nisaidie na chenji yangu." Nisaidie! Pesa ni zangu. Najua ni adabu tu, na sitaki tuwe watu wa kufoka. Lakini ulimi ukizoea kuomba chenji, siku ya kudai mshahara utaomba vile vile, na mtu wa upande ule atajiona mkarimu.

Wiki iliyopita nilimwandikia mhariri yule tena. Mara ya kwanza niliandika, "Samahani kwa usumbufu, naomba unisaidie..." Nikafuta. Nikaandika jina la makala, tarehe ilipochapishwa, kiasi tulichokubaliana na namba yangu ya M-Pesa. Chini yake nikaweka jina langu, lile analosema sasa linajulikana.

Ameusoma. Bado hajajibu. Jumatatu nitautuma tena hivyo hivyo, bila samahani.