Televisheni Meru na Embu: Safari ndefu ya mawimbi kutoka Limuru

Matangazo ya televisheni yalianza nchini Kenya mwaka wa 1962, lakini wakazi wa Meru na Embu walingoja miaka mingi kabla ya runinga kuwa chombo cha kawaida nyumbani, na mingi zaidi kabla ya kusikia lugha zao kwenye skrini. Umbali, milima, ukosefu wa umeme na sheria za utangazaji ndivyo vilivyoamua ni nani atakayepata picha hizo, lini na kwa lugha gani.

Mwanzo katika shamba la Limuru

Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) liliundwa mwaka wa 1961, wakati nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru. Mwaka uliofuata, mtambo wa kwanza wa televisheni uliwekwa katika nyumba ya shambani Limuru, nje ya Nairobi, ukiwa na uwezo wa kurusha matangazo umbali wa maili 15 hivi, yaani kilomita 24. Walionufaika walikuwa wakazi wa Nairobi na viunga vyake, hasa wazungu, wafanyabiashara na maafisa wa serikali waliomudu bei ya seti.

Embu iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Limuru, na Meru ni karibu kilomita 170. Mbali na umbali huo, mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka, tofauti na yale ya redio ya masafa mafupi yanayoweza kuvuka nchi na bahari. Yakikutana na mlima, nyuma yake hubaki kivuli kisicho na picha. Mabega ya Mlima Kenya, mabonde yanayoteremka kuelekea mto Tana na safu ya Nyambene yaliifanya Meru kuwa miongoni mwa maeneo magumu kufikiwa. Dawa ilikuwa kujenga mitambo ya kupokezana matangazo kwenye vilele, kazi iliyohitaji fedha, barabara na umeme.

Mnamo Julai 1, 1964, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilitaifisha shirika hilo na kuliita Sauti ya Kenya, au VoK kama lilivyojulikana kwa wengi. Utangazaji ukawa chini ya Wizara ya Habari. Mtambo wa Timboroa ulipeleka picha magharibi mwa nchi, na mwaka wa 1970 kituo kilifunguliwa Mombasa. Picha za rangi zilikuja mwishoni mwa mwongo huo. Katika kipindi hicho chote, kwa familia nyingi za Meru na Embu, redio ndiyo iliyoleta habari za serikali, bei za mazao na matangazo ya vifo.

Umeme uliopita juu ya paa

Hata pale mawimbi yalipofika, kulikuwa na kikwazo cha pili. Mabwawa ya kuzalisha umeme ya mto Tana yalijengwa moja baada ya jingine mpakani mwa eneo la Mbeere, ambalo leo ni sehemu ya kaunti ya Embu: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Nyaya zilizotoka huko zilielekea Nairobi na miji mingine, huku vijiji vingi vya Mbeere vikiendelea kutumia taa za mafuta. Runinga za mjini ziliwashwa kwa nguvu za maji yaliyopita karibu na watu wasiokuwa na runinga.

Waliotaka kutazama bila kungoja serikali walitumia betri za gari. Seti ndogo ya picha nyeusi na nyeupe, kama zile za Great Wall kutoka Uchina, ilifungwa kwenye betri hiyo na antena kupandishwa juu ya mlingoti wa mti. Betri ilipoisha nguvu, ilipelekwa sokoni kuchajiwa kwa malipo. Nyumba yenye chombo hicho iligeuka ukumbi wa kijiji jioni, hasa palipokuwa na mechi ya Harambee Stars au kipindi cha Vitimbi, ambacho kilimpa umaarufu marehemu Benson Wanjau, maarufu kama Mzee Ojwang'.

Vipindi hivyo vilikuwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwaunganisha Wakenya wa kila kabila kwa kicheko kimoja, na mchango wao katika kukuza Kiswahili ni mkubwa. Hata hivyo, bibi kizee wa Tharaka au Igembe ambaye hakusoma shule alitazama picha tu, huku akitafsiriwa maneno na wajukuu.

Soko huria lachelewa kupanda mlima

VoK ilirejeshewa jina la KBC kwa sheria ya mwaka wa 1988. Mwaka wa 1990, Kenya Television Network (KTN) ilianza kurusha matangazo Nairobi na kuvunja ukiritimba wa serikali. Baada ya siasa za vyama vingi kurejea, maombi ya leseni yaliongezeka, na mwaka wa 1999 Citizen na Nation TV zilijitokeza. Lakini masafa yaliyotolewa mwanzoni yalikuwa ya Nairobi na viunga vyake. Kwa hivyo, mkazi wa Maua au Siakago aliyesoma gazetini kuhusu vituo vipya hakuwa na njia ya kuvitazama, na KBC ikabaki chaguo lake la pekee kwa muda.

Redio ndiyo iliyotangulia kubadilika. Kampuni ya Royal Media Services, inayomiliki Citizen, ilianzisha Muuga FM kwa wasikilizaji wa Kimeru na Wimwaro FM kwa wale wa Kiembu na Kimbeere. Vituo hivyo vilithibitisha kwamba kuna soko la habari kwa lugha za mashariki ya Mlima Kenya, na kwamba wafanyabiashara wako tayari kulipia matangazo humo.

Dijitali yaleta neema na gharama

Badiliko kubwa zaidi lilianzia mbali. Mwaka wa 2006, nchi wanachama wa Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano katika maeneo ya Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana jijini Geneva kuachana na mfumo wa analogi kufikia Juni 17, 2015. Sababu ilikuwa matumizi bora ya masafa: mahali ambapo mfumo wa zamani ulibeba kituo kimoja, ule wa dijitali unabeba zaidi ya kumi.

Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali nchini Desemba 9, 2009. Yaliyofuata yalikuwa mabishano makali. Kampuni za habari zilipinga mahakamani jinsi leseni za kusambaza mawimbi zilivyotolewa, na kesi hiyo ikafika Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi wake Septemba 29, 2014. Februari 14, 2015, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo ya analogi, na Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani kwa wiki kadhaa hadi mapema Machi. Nairobi na miji mikubwa, Meru ikiwemo, ilitangulia katika ratiba ya kuhama. Maeneo yaliyosalia yalipangiwa mwisho wa Machi.

Kwa mwananchi, kuhama kulimaanisha kununua king'amuzi kwa maelfu ya shilingi ama kubaki na runinga isiyo na kazi. Aidha, mfumo wa dijitali hauna huruma ya ule wa zamani. Katika analogi, mawimbi yakiwa hafifu mtazamaji alipata picha yenye chembechembe lakini alisikia habari. Katika dijitali, mawimbi yakipungua kupita kiasi picha hukatika kabisa. Wakazi wa mabonde yaliyojificha walilazimika kununua dishi la setilaiti, gharama nyingine tena.

Neema nayo ilikuja. Nafasi nyingi za vituo ziliwawezesha wawekezaji wadogo kuingia. Oktoba 2015, Inooro TV ilianza kutangaza kwa Kikuyu, na Meru ikapata Weru TV na Baite TV, zenye kutangaza kwa Kimeru. Masuala ambayo katika habari za kitaifa hupewa dakika mbili, kama vile marufuku ya miraa iliyowekwa na Uingereza mwaka wa 2014, malipo ya majani chai na siasa za kaunti, yalipata mahali pa kujadiliwa kwa kina na wahusika wenyewe.

Ufunguo bado uko mlimani kwingine

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu. Idadi hiyo ni kubwa kiasi cha kuvutia watangazaji, lakini vituo vidogo hutegemea matangazo ya biashara za mashinani na hulazimika kulipa kampuni za kusambaza mawimbi. Vijana nao wanazidi kutazama kwa simu.

Suala la udhibiti pia halijaisha. Januari 30, 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha katika bustani ya Uhuru, Citizen, NTV na KTN zilizimwa. Zilirejea hewani kwa nyakati tofauti wiki iliyofuata. Juni 25, 2025, wakati wa maandamano, mawimbi ya vituo kadhaa yalikatwa tena hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Mara zote mbili maafisa walielekea kwenye mitambo ya Limuru, mahali pale pale televisheni ya Kenya ilipozaliwa. Mtazamaji wa Nkubu au Runyenjes ana vituo vingi kuliko babu yake, na baadhi vinasema lugha yake, lakini swichi ya kuvizima vingi kati ya hivyo ingali mbali naye.